Jini Hakuandika Hata Ukurasa Mmoja

Kwanza nimtoe nyanya yangu njiani. Kila mwandishi wa hadithi za ajabu niliyewahi kumsikia akihojiwa redioni husema kipaji alikirithi kwa nyanya yake, jioni, moto ukiwaka, watoto wamemzunguka. Nyanya yangu wa Kanyakine, kule Meru, hakunisimulia hadithi hata moja. Alikuwa na kahawa ya kuchuma, migomba ya kupalilia na mume mlevi wa kuokota njiani, na jioni ikifika alikuwa na neno moja tu kwa wajukuu: laleni. Ukimuuliza fisi alifanya nini, anakuambia fisi alimla mtoto ambaye hakuwa amelala. Hiyo ndiyo fasihi niliyolelewa nayo. Ilikuwa fupi na ilifanya kazi.

Nasema haya kwa sababu kijana mmoja, mwalimu wa chuo, aliniita nikaongee mbele ya wanafunzi wake, akaniuliza ni nani walioniathiri. Kwetu mtu aliyeathirika ni yule aliyepulizia kahawa dawa bila kufunika pua. Nikamjibu kwamba ni watu watatu: mwalimu aliyenichapa, mchinjaji aliyekuwa akiwaibia wateja, na mke wangu. Wanafunzi wakacheka. Yeye hakuandika neno. Baadaye alitoa makala akasema mimi ni sauti ya wanyonge. Mimi si mnyonge. Nina bucha mbili Embu na shamba la kahawa Kanyakine, na hakuna hata moja niliyoachiwa na mtu. Kwa hiyo acha niandike mwenyewe.

Mwalimu aliyenichapa alikuwa wa darasa la tatu, na hapo ndipo masomo yangu yalipokomea. Alituambia tuandike tulichofanya Jumamosi. Wenzangu wote waliandika kwamba walifua nguo, wakateka maji, wakaenda kumsalimu shangazi. Mimi niliandika kwamba fisi alikuja kiwandani kupima kahawa ya watu, na kwamba mizani yake ilikuwa ya haki kuliko ya karani. Mwalimu akanisimamisha.

“Uliona wapi?”

Nikasema sikuona, nimefikiria. Akanichapa kwa kusema uwongo. Kisha akafikiria kidogo, akanichapa tena kwa ajili ya karani, ambaye alikuwa shemeji yake. Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo wengine wanalitafuta chuo kikuu na hawalipati: kwamba fisi asiyekuwepo anaweza kumuuma karani aliyepo. Wiki iliyofuata sikurudi. Watu wa vitabu wanapenda kuandika nyuma ya jalada kwamba umaskini ulinitoa shuleni. Umaskini haukunitoa. Nilitoka kwa miguu yangu, na nilikuwa na haraka.

Nilipopata nguvu za kubeba paja la ng'ombe begani nilishuka Embu, nikapata kazi mtaa wa Majimbo kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye bucha. Baba yake alikuwa ametoka kaskazini, mama yake alikuwa Mwembu, na nyanya zake kila mtu alisimulia kivyake, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Kiswahili nilichonacho alinipa yeye. Si cha shule wala cha redio, ni cha bucha: kimekatwa vipande vya kutosha sufuria. Ukikuta mahali nimekosea, ujue kuna mfupa tu, tafuna pembeni.

Sasa huyu mzee alikuwa na ustadi. Jumamosi foleni ilifika barabarani, na watu wakisimama muda mrefu wana tabia ya kutazama mizani. Yeye hakutaka watazame mizani. Basi alikuwa akianza hadithi: jini aliyeoa kwa watu wa Runyenjes, maiti aliyerudi kudai viatu vyake, ng'ombe aliyechinjwa akaendelea kunung'unika hadi nyama yake ikauzwa yote. Alisimulia huku panga likipanda na kushuka juu ya gogo. Hadithi ilipofika pale ambapo hakuna mtu anayepumua, mfupa uliingia kwenye mizani. Kila mara. Nilimtazama miaka mingi na sikuona mteja aliyegundua. Halafu alikuwa hamalizi. Jini ameshika kitasa cha mlango, mzee anafunga nyama kwenye gazeti, anasema, “Mama, nyama yako hii. Aliye nyuma, sogea.” Mama anasimama pale na nyama mkononi kama mtu aliyeachwa na gari. Jumamosi inayofuata yuko mbele ya foleni.

Nikamuuliza siku moja hayo majini aliyaona wapi. Ndiyo, mimi mwenyewe, niliyechapwa kwa swali hilo. Akaweka panga chini akanitazama kwa huruma. Akasema, “Kijana wangu, ningekuwa nimeona jini ningekuwa bado nauza matumbo?”

Mtu wa tatu ni mke wangu. Yeye ni wa Mbeere, kule tambarare kwenye jua, ndengu na mbuzi. Sisi tunaoishi kwenye baridi huku juu tuna imani kwamba kila Mmbeere ana kibuyu cha uganga chini ya kitanda. Tunawaogopa, halafu tunashuka kwao kimya kimya tukiibiwa ng'ombe. Mke wangu alikuwa akiuza ndengu soko la Embu, na alijua vizuri watu wanasema nini kumhusu. Hakukataa wala hakukubali. Mteja akitaka kumsumbua, alikuwa anamtazama usoni polepole, kisha anatazama kivuli cha mtu huyo pale chini, kama anayekipima. Basi. Mteja aliondoka akiwa na adabu. Nikamuuliza huwa anaona nini kwenye vivuli hivyo. Akasema haoni kitu, ila jua la sokoni linamuumiza macho na chini kuna nafuu.

Nilipoamua kumwoa, watu wangu wa Kanyakine walinikalisha wakaniuliza kama nimelishwa kitu. Nikawaambia nimelishwa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na ulikuwa mtamu. Kidogo tulikosana kuhusu majani ya kutafuna: yeye ni wa muguka, mimi ni wa miraa, na hadi leo namwambia muguka ni lishe ya mbuzi, naye hunijibu kwamba mbuzi wa kwao wana akili kuliko Wameru wa kwetu.

Kitabu changu kilitoka hapo, wala hakikutoka kwingine. Chini ya mlima kuna ufalme wa fisi. Fisi hawali watu, wamestaarabika, wana makarani. Wanatoza kodi, na kodi hulipwa kwa vivuli, na vivuli huhifadhiwa kwenye vibuyu vilivyopangwa ukutani. Halafu anatokea msichana ambaye kivuli chake kinakataa kwenda. Nilikuwa na mvi tayari nilipoanza. Nilikiandika Jumatatu, siku ambayo watu hawali nyama kwa sababu wamemaliza yote Jumapili, nikiwa nimeegemea gogo la kukatia, karatasi zikishika mafuta. Kitinda mimba wangu, binti anayeuza dawa za mifugo mjini, alikipiga chapa chote kwa simu yake, akinisomea sentensi zangu kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Mahali pengi alisema, “Baba, hapa umesinzia.” Nilikuwa nimesinzia kweli.

Mchapishaji wa Nairobi alipiga simu akasema amekipenda, lakini angependa kujua kama hizi ni mila halisi za Meru au za Embu. Yaani, niliona wapi. Nikamwambia ni mila halisi za kichwa changu. Akasema basi wataandika “zimetokana na mila.” Waache waandike.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu safari hii.

Binti huyu alipata mchumba, kijana wa Karurumo anayetengeneza pampu za maji. Sikumpenda wala sikumchukia. Anajua kazi, anakula bila kuchagua, na anaongea Kiswahili chao cha siku hizi ambacho sijui kilichinjwa na nani. Kwa fahari ya kuoa kwa mwandishi, alichukua nakala ya kitabu changu akampa mjomba wake, ndugu mkubwa wa mama yake. Huyo mjomba ni mzee wa kanisa, na ndiye angekuwa msemaji wao siku ya mahari. Siku chache baadaye kijana akaja buchani, akasimama kando ya jokofu kama mtu anayesubiri matumbo.

“Mzee, kumekuwa ngori,” akasema, yaani matata. “Anko amesoma kitabu.”

“Alimaliza?”

“Alifika pale kwa vibuyu.”

“Basi hajafika pazuri.”

Hakucheka, nikajua ni mbaya. Mzee wa kanisa alikuwa amesoma kuhusu vivuli kwenye vibuyu, kisha akauliza mama wa bibi harusi ni wa wapi, akaambiwa Mbeere. Kwao hiyo ilikuwa kesi iliyokwisha kabla shahidi hajaitwa. Mtu hawezi kuandika mambo kama hayo bila kuyaona, na hawezi kuyaona bila kuwa na aliyemfungulia mlango. Aliyemfungulia ni jini, na jini aliletwa na mke, kama sufuria. Kwa hiyo wangekuja Kanyakine kama ilivyopangwa, lakini kabla ya mambo ya mahari wangenitaka nikubali kwenda kanisani kwao nisimame nikiri kwamba maneno yale niliambiwa na roho, na kwamba nimeachana nayo. Vitabu vichomwe. Nikikataa, hawana posa.

Wala sikasiriki kuhusu kuchoma. Anayetaka kuchoma kitabu changu anunue kwanza, na achome vingi. Lakini nikiri kwamba niliambiwa? Mimi? Jini alikuwa wapi nilipokuwa nikifuta ukurasa mara ya tano na mgongo unauma? Jini alikuwa wapi mteja alipoingia katikati ya sentensi kuulizia maini? Nimejenga nyumba yangu mwenyewe, nimechimba kisima changu mwenyewe, na fisi wangu nimewafuga mwenyewe. Halafu nisimame mbele ya watu niseme kazi yote ilifanywa na mgeni.

Nikamwambia binti yangu hivyo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mikono magotini. Hakulia, si mtu wa kulia. Alisema, “Baba, sitaki useme uwongo kwa ajili yangu. Lakini namtaka huyu mtu, na sitaki mwingine. Tafuta njia. Wewe si ndiye wa kutafuta njia?”

Akaondoka kwenda kuuza dawa za kupe. Nilibaki na hilo neno kama mfupa umekwama kooni.

Siku yenyewe walikuja na gari mbili, wamevaa makoti kwa sababu wameambiwa Kanyakine kuna baridi, na kulikuwa na jua. Walileta kreti za soda. Nyingi, za rangi zote, wakazipanga ukutani sebuleni kwangu zikafika kwenye dirisha. Sasa ni lazima nieleze jambo hapa kwa asiye wa kwetu. Kwa Wameru, mahari hufunguliwa na asali. Mbuzi anaweza kungoja, ng'ombe anaweza kungoja miaka, lakini asali ndiyo inayofungua mlango. Isipokuja, nyote mmeketi tu kwenye viti. Wao walikuwa wamekataa asali. Walisema asali ni ya kutengenezea pombe, na pombe na uganga ni ndugu, kwa hiyo wamefikiria soda. Mtu mzima, mwenye mvi, amefikiria soda.

Upande wetu msemaji alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mfuga nyuki kutoka Mbeere. Wakwe walimtazama kama anaweza kuruka ukutani. Yeye anatabasamu tu, ana meno machache na anayaonyesha yote. Binti yangu alikuwa jikoni na mama yake, na mlango wa jikoni uliachwa wazi kidogo, kama ilivyo kawaida ya milango ya jikoni siku kama hiyo.

Baada ya maombi marefu, mjomba wa kijana akasimama. Mzee mrefu, suti ya kijivu, kofia ya pama ameiweka juu ya goti hadi hapo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba wanampenda binti, kijana ameonyesha bidii, lakini kuna jambo la kiroho. Akakitoa kitabu changu kwenye mfuko wa nailoni, akakishika kwa vidole viwili.

“Mkwe,” akasema, “sisi hatukuhukumu. Tuambie tu haya uliyaona wapi.”

Nikahisi mwalimu wangu wa darasa la tatu amefufuka, amevaa suti.

“Sikuyaona,” nikasema. “Nimeyatunga.”

“Mtu hatungi kitu kama hiki. Mtu anatunga wimbo.”

“Na wimbo anauona wapi?”

Akageuka kuwatazama wenzake, wakatikisa vichwa kwa huzuni. Akasema kukiri ni rahisi, ni maneno machache tu, na baada ya hapo sisi sote ni jamaa moja. Nje nilisikia nyama ya mbuzi ikitokota. Jikoni hakukuwa na sauti hata ya kijiko. Nilijua binti yangu amesimama nyuma ya ule mlango, na nilijua anasikiliza neno litakalofuata, kwa sababu hilo neno lilikuwa lake kuliko langu. Nikisema ndiyo, ameolewa na baba yake ni kasuku wa jini. Nikisema hapana, gari mbili zinarudi Karurumo na soda zao.

Nikatazama zile soda. Nikatazama ile kofia. Nikasema, “Nyama bado kidogo. Mkwe, niazime kofia yako.”

Akanipa bila kufikiria. Nikaiweka juu ya kreti ya juu kabisa, nikaanza.

Nikawaambia palikuwa na wazee waliopanda mlima kwenda kuposa binti wa mfalme wa fisi. Walikuwa wazee wa heshima, mmoja wao ana kofia kama hii. Walibeba soda, wakazipanga mbele ya kiti cha enzi. Mfalme akashuka, akazinusa moja moja, kwa sababu fisi ni fisi hata akivaa taji. Akauliza, asali iko wapi? Msemaji wa wazee akafungua mdomo aseme asali ni dhambi. Badala ya maneno, mdomoni ukatoka mlio wa kizibo kikifunguliwa, kisha mapovu. Akajaribu tena. Mapovu. Sauti yake ilikuwa imeingia kwenye chupa. Mmoja baada ya mwingine, kila mzee aliyetaka kusaidia akapoteza yake, hadi chupa zote zikawa zinanong'ona pale ukutani, na wazee wenyewe wameketi wanatoa mapovu kama watoto waliokunywa sabuni.

Mama mmoja wa kwao akacheka, akajifunika mdomo na kitambaa. Wengine hawakucheka. Walikuwa wanazitazama kreti. Mzee wa kanisa alikuwa ameshika koo lake, taratibu, nadhani hakujua.

Mimi niliendelea. Mikono yangu ilikuwa inatafuta panga, haikulipata, ikafanya kazi hewani tu. Nikasema nyuma ya mlango wa jikoni kwa mfalme alisimama yule binti mwenyewe, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu tangu asubuhi. Akatoka. Akapita katikati ya fisi na wazee, akaenda kwenye kreti ya chini kabisa, akatoa chupa moja iliyofunikwa na vumbi. Hiyo haikuletwa na wageni. Ilikuwa pale zamani. Akaiweka sikioni, na akaijua sauti iliyokuwa ndani. Ilikuwa sauti ya—

“Nyama imeiva,” nikasema, nikasimama.

Ni ukatili, najua. Nilifundishwa na bingwa.

Hakuna aliyeinuka. Mzee wa kanisa alisema, “Keti kwanza. Ya nani?”

“Nyama itapoa.”

“Ipoe. Ilikuwa sauti ya nani?”

Hapo ndipo mahali ambapo hakuna mtu anayepumua, na shemeji yangu mfuga nyuki, ambaye hajawahi kufanya kazi buchani lakini ni mtu aliyejaliwa, akasema kwa sauti ya chini kama anayeulizia wakati, “Na ile asali basi tuseme ni mikebe miwili?” Mzee wa kanisa akapunga mkono bila kumtazama, akasema sawa, sawa, ya nani? Mwenzake aliyekuwa akiandika makubaliano akaandika asali. Nilimwona akiandika. Nikamkumbuka yule mzee wa Majimbo, Mungu amlaze pema, na mizani yake.

Kisha nikamwambia mkwe wangu, “Soda ni zako. Kofia ni yako. Mlango ni ule pale. Ulikuwa umeketi hapa ukinitazama mdomo. Umeona jini akiingia?”

Alitazama mlango. Alitazama kofia yake juu ya kreti kwa muda mrefu, kisha akaifuata, akaipangusa, akaivaa, ingawa ndani ya nyumba hakuna anayevaa kofia. “Umeitunga hapa hapa,” akasema.

“Hapa hapa.”

“Yote.”

“Ningekuwa na mtu wa kuniambia, angeniambia na mwisho.”

Akawageukia wenzake, na ninataka mnisikie vizuri, kwa sababu ndiyo hukumu iliyotolewa juu ya maisha yangu yote ya uandishi. Akasema, “Ndugu zangu, huyu si mganga. Huyu ni mwongo tu.”

Walishusha pumzi wote pamoja. Uwongo walikuwa wanaujua, kila nyumba ina wake. Mtu anaweza kuoa kwa mwongo. Wakanawa mikono, na mimi nikatoka kwenda kugawa mbuzi, kila kiungo kwa mwenyewe, na mara hii sikumwongezea mtu mfupa. Niliona mke wangu akipita na sinia. Alipofika mbele ya mzee wa kanisa akatazama kivuli chake sakafuni, kidogo tu, kwa mazoea. Mzee akasogeza kiti.

Lakini nilimwona pia mkwe wangu akiwa peke yake kwenye migomba baada ya kula, na nikaona kama amesikitika. Akanikaribia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama basi vibuyu vile havina nguvu yoyote, hata kidogo. Nikamwambia havina, nilivinunua kichwani. Akasema alikuwa anauliza tu. Kule kwao kuna watu wanaoiba mbuzi.

Binti yangu alinikuta nikifunga panga kwenye gunia. Akasema, “Baba, ule mwisho unao?”

“Sina.”

“Nilijua. Ukisema ‘ilikuwa’ ukavuta hivyo, huwa huna.” Akachukua gunia akalibeba yeye. Akasema tena, “Umefanya vizuri, lakini usirudie. Nilikuwa nimeshika mlango, mkono ukafa ganzi.”

Kanisani Karurumo walinialika hata hivyo, wakasema kwa kuwa ni uwongo, uwongo nao unaombewa. Nikaenda na suti yangu. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akasema, “Baba, tunakuletea huyu mzee. Ni mwongo, lakini anafanya kazi mwenyewe.” Sijui kama alimaanisha au alipoteza njia katikati ya sentensi. Binti yangu, kwenye benchi la nyuma, alikuwa ameinama na mabega yanatikisika, na haikuwa kwa ajili ya Roho. Yule kijana wa chuo aliandika kurasa nyingi juu yangu na hakufika karibu na hapo. Mwongo, lakini anafanya kazi mwenyewe. Ningependa waliweke nyuma ya jalada, mahali pa umaskini.

Asali ililetwa kahawa ilipokuwa imeanza kuiva. Mikebe miwili, na aliyeubeba mmojawapo kutoka kwenye gari hadi mlangoni ni mzee wa kanisa mwenyewe, jasho likimtoka, kofia imekaa upande. Kwetu mwenye kuonja kwanza ni binti. Asipoonja, wageni hufunika mkebe wakabeba kilicho chao, na hakuna mwenye neno, si baba wala mjomba. Akatumbukiza kidole, akakitazama, akaonja. Akatumbukiza tena, na mara ya pili haikuwa ya mila, ilikuwa ya utamu. Yule kijana wa pampu akafunga macho kama mtu aliyesikia maji yakipanda kwenye bomba.

Mzee wa kanisa hakuketi. Alikuwa amengoja muda mrefu.

“Mkwe,” akasema, “asali hiyo hapo. Ilikuwa sauti ya nani?”

“Mwambie, Baba,” binti yangu akasema, asali bado mdomoni. “Ameileta.”

Nikamtazama amesimama katikati ya wazee wote wale, anaongea na kidole kikiwa juu, na nikajua ile chupa ya vumbi ilikuwa na sauti ya nani. Mwisho huo ulikuwa umekuja wenyewe wakati huo huo, bila kuletwa na mtu. Nikaufungia moyoni haraka kabla haujamwagika.

Nikamwambia mkwe wangu avute kiti. Nyama ilikuwa bado.